Hesabu ya Mwezi wa Saba

Saa nane za usiku simu ililia mara moja,
ujumbe wa benki, hauna hata salamu:
wamekata. Dola hamsini na tano
zikageuka shilingi njiani, zikatozwa ada ya kugeuka,
na mimi nimelala hapa Langoni
sijachora hata kitufe kimoja tangu juzi.

Programu ile naijua. Ni nzuri, sikatai.
Ina rangi milioni na mimi natumia nne.
Ni kama kukodi ukumbi wa harusi kila mwezi
ili upate pa kunywea chai.

Asubuhi nikaketi nayo uso kwa uso.
Nikabonyeza *Ghairi*. Ikaniuliza, una hakika?
Nikabonyeza tena. Ikaniuliza, umekosewa nini?
Ikanipa miezi miwili ya bure, ikanibembeleza
kama mume aliyesikia kadhi katajwa.
Nikabonyeza tena.

Basi nilichobaki nacho ni hiki:
kompyuta ya mtumba, nimeinunua Mombasa
kwa elfu kumi na nane, kitufe cha W kimeng'oka,
na kila anwani yataka W tatu; kidole kimezoea shimo.
Mfumo wake wa zamani ulikuwa ukihema, nikaufuta,
nikaweka ule wa bure, wa watu wasionijua
walioandika usiku kwao wakaacha mlango wazi.
Ya kuchora, bure. Ya kuandikia msimbo, bure.
Ya picha, bure, ila menyu zake zimefichwa
kama funguo za mchoyo; nilizitafuta siku tatu.
Bure nayo ina bei. Nimeilipa kwa macho.

Vitu viwili navitolea pesa bila kunung'unika:
jina la kikoa, kwa mwaka,
na pa kuweka nakala, mbali na nyumba hii.
Nakala nimejifunza kwa kulia.
Mwaka juzi chumvi ya hewa iliingia kwenye diski
ikala kazi ya miezi minne
na harusi nzima ya dadangu.

Khalati Mwanakhadi alikuwa ukumbini, anashona kofia ya vito.
Sindano moja, uzi mweupe juu ya nguo nyeupe,
tundu kwa tundu. Nikamwambia nimeiacha programu.
Akasema: mimi cherehani niliikataa.
Haikuwa mbaya. Ilikuwa na haraka zake yenyewe.
Kisha akanipa sindano nimtilie uzi,
macho yake hayashiki tena.

Alasiri akaja Shekuwe, fundi wa sola.
Anataka tovuti inayotembea: picha zipishane,
muziki, na jua lichomoze mtu akifungua.
Nikamwomba simu yake. Nikafungua ya mshindani wake,
inayotembea hivyo hivyo. Tukangoja.
Akakohoa. Akatazama boriti za dari.
Bando lake la shilingi ishirini likaisha
na jua la mwenziwe halijachomoza.

"Nitolee jua," akasema.

Nikamjengea ukurasa mmoja. Herufi za kawaida,
picha mbili nilizozibana zikawa ganda la kitunguu,
na namba ya simu, kubwa, ya mtu aliye juu ya paa
na bisibisi mkononi.
Wafunguka hujamaliza bismillahi.

Pesa hakuwa nazo zote. Nusu taslimu,
nusu betri, ya mtumba kama kompyuta yangu;
aliipima mbele yangu, akaandika volti zake
kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha gundi.

Jana stima ilipotea tangu magharibi.
Feni zikanyamaza mtaa mzima,
punda mmoja akalia kana kwamba kaulizwa yeye.
Kioo changu kilikuwa kinawaka.
Khalati akaja na kofia yake, akaketi ubavuni pangu,
hakusema kitu, alifuata mwanga.
Nikauongeza kidogo.

Ni dakika ishirini za betri, nimezikadiria.
Nimeziandika nazo kwenye hesabu.
Sijui niziweke safu ipi.