Hukutaja Stesheni

Wapo wanaonunua mkate, wakala, wakafuta midomo.
Mimi nimeletewa unga, chachu, na maandishi ya mwokaji:
ukiona kosa rekebisha, ukirekebisha turudishie.
Basi usiku huu, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
naoka programu ya kutumiana ujumbe
ndani ya kompyuta iliyokataliwa na kila kilichokuja tayari.
Mashine yako imezeeka, huniambia.
Imezeeka, ndiyo. Na baba amezeeka, hatujamtupa.

Luku ya elfu mbili.
Bando la siku, limebakisha saa tano.
Nafungua furushi: mafaili mia nane na ushei,
kazi ya watu nisiowajua hata kwa picha.
Mmoja kaacha neno pembeni:
sijui kwa nini hapa panafanya kazi, usipaguse.
Nikacheka peke yangu. Sikupagusa.

Natoa amri ya kwanza. Mashine inajipapasa mifukoni:
mkalimani yupo? Yupo.
Saa imekaa sawa? Sawa.
Maktaba ya kufunga siri?
Haikupatikana.

Haikupatikana! Maktaba niijuayo mimi
iko mjini, ina mlinzi anayekemea hata kikohozi.
Hii nyingine naisaka mtandaoni, naipata,
nayo haitoki bila shangazi yake,
shangazi hatoki bila mjomba,
mjomba anataka toleo la tatu, la pili kalisusa.
Harusi ya Kibondei: alika mmoja, umeialika Muheza nzima.

Saa saba usiku bando likakata roho
mjomba akiwa asilimia tisini na mbili.
Nikaweka jingine, kwa hela ya nazi.

Hatimaye mistari ikaanza kushuka,
myeupe juu ya weusi, bila kupumua.
Baba akatoka chumbani, shuka begani.
Masikio yalimwacha mwaka juzi; macho anayo.
Miaka ishirini na sita alikaa chumba cha simu za reli
kidole kikigonga habari za treni
Pongwe, Muheza, Korogwe, Mombo.
Akavuta kigoda. Hakuuliza nafanya nini.
Akaisoma ile mistari kama ratiba,
midomo ikicheza.

Ikakwama.
Mstari wa mia nne na kumi na mbili, alama imekosekana.
Niliifuta mwenyewe nilipokuwa nabadili maneno:
palipoandikwa "hayupo" nikaweka "katoka kidogo",
maana kwetu hivyo ndivyo mgeni hujibiwa mlangoni,
hata kama mtu yuko Maskati mwaka wa sita.
Nikairudisha alama. Nikaanza upya.

Kumekucha kidogo, nikaisimika.
Kidirisha kikafunguka, cha kijivu, hakina umbo.
Ndani yake jina moja:
Mwajabu, Korogwe. Katoka kidogo.

Nikaandika: umeamka?
Kimya.
Nikapeleka kidole niandike tena.
Baba, kwa ile sauti kubwa ya asiyejisikia:
"Usigonge mara mbili! Korogwe wana lao."

Tukakaa. Chai ikapoa.

Kisha, bila mlio, chini ya neno langu:
Wewe nani?

Baba akanitazama kwa masikitiko ya mtu wa kazi.
"Stesheni," akasema. "Hukutaja stesheni."

Nikaandika: Tanga.