Kengele ya Baiskeli

Mwaka mama alipoanza kuniita Mwanakheri,
jina la dada yake aliyezikwa kabla sijazaliwa,
nilikwenda Makorora kwa fundi Semboja
nikamwambia: nifufulie hii.
Baiskeli yake mwenyewe, ya kike, ya kijani,
miaka imelaliwa na magunia ya nazi stoo.
Fundi akacheka. "Kwa umri huu, bibie?"
Nina hamsini na sita. Na presha.
"Kwa umri huu ndiyo hasa."

Muuguzi kule Bombo hakuniahidi kitu.
Alinifunga mkanda mkononi, akapuliza, akasoma,
akasema kinachoumiza mishipa ya moyo
na ubongo hakiuachi salama.
Chumvi punguza. Sukari siyo mkwe,
si lazima uiheshimu.
Tembea, lala, zungumza na watu.
"Uhakika sina," akasema. "Ni kama kuezeka mapema.
Mvua ikiamua kuja, itakuja."
Nikampenda kwa kutonidanganya.

Basi alfajiri, nikishasali, naingia Ngamiani:
barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu,
na kila moja naidai mtu wake.
Ya nne, mshona viatu mwenye kidole cha sita.
Ya saba, Bi Mboni na achari zake za ndimu.
Ya tisa nilishikwa mkono mara ya kwanza,
na nani, hilo halikuhusu,
ila nalikumbuka mpaka shati.
Jasho linanitoka kama mtungi mpya.

Vitumbua sikuviacha, nisiseme uongo.
Ijumaa nakula viwili, zamani sita.
Chai bila sukari nimeizoea
kama mtu anavyomzoea mke mwenza:
kwa kununa kwanza.
Sufuria yangu siku hizi ni kunde, mchicha, dagaa,
kisamvu ambacho nazi imepita tu kukisalimia.
Machungwa ya Muheza nayatafuna na nyama zake.
Wadogo zangu wanasema nimerogwa.

Juzi, barabara ya kumi na nne,
pakawa peupe.
Nikashuka, nikashika usukani.
Mlango naujua. Kizingiti nakijua,
nimeketi hapo nikisukwa nywele.
Nani aliishi hapa? Nani?
Kijana wa maandazi akauliza, "Mama, pancha?"
Nikamwambia ndiyo, pancha,
nikaikokota baiskeli nzima mpaka nyumbani.

Usiku tunachambua mchicha, mimi na mama.
Anatupa majani, anaweka mizizi kwenye ungo.
Namrudishia. Anatupa. Namrudishia.
Sikuwa nikitarajia jibu niliposema,
"Kumi na nne, ule mlango wa bluu…"
Hakuinua uso.
"Kwa Zamda, karani wa mkonge.
Aliniazima baiskeli
akairudisha haina kengele."
Kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Nikachukua tochi, nikaenda kutazama.
Kwenye usukani, upande wa kushoto,
alama ya duara, kutu imeizunguka,
na kengele hakuna.
Miezi mitano naipanda, sikuona.

Leo asubuhi nimepita kumi na nne
nikaipiga kwa mdomo: kring, kring.
Mtoto mmoja akanipisha njia.