Fundo la Mkono Mmoja

Mtandao hapa Makete unapatikana mahali pamoja tu:
nyuma ya chumba cha maiti, kando ya simtanki,
ukipanda juu ya tofali la tatu
na simu ukaielekeza Njombe.
Juni. Umande umeganda kwenye majani ya viazi.
Nimevaa makoti mawili, na vidole
navipasha kwapani kabla ya kubonyeza.

Sekunde arobaini na mbili.
Mikono isiyo na uso inafunga fundo,
kwa kushoto peke yake,
kama bibi kule Tukuyu alivyofunga kamba ya mkungu
huku kulia kumembeba mtoto.
Narudisha nyuma. Natazama. Narudisha tena.
Bando linakatika katikati ya kitanzi.

Nimefunga mpini wa kikombe,
komeo la kabati la dawa,
kidole cha Sista Yohanita aliyesinzia zamu.
Nimeshona maganda ya ndizi mpaka yakawa meusi.
Kwa Sanga wa kitimoto nanunua makongoro;
ananiuliza, "Daktari, supu kila siku?"
Sijamwambia kwamba yanaingia chunguni
yakiwa na nyuzi kumi na mbili.

Usiku naweka picha kwenye kundi.
Yumo wa Ludewa, yumo wa Sumbawanga,
yumo mmoja asiyeandika neno,
anatia dole gumba tu, hata kwenye misiba.
Dokta Mwakatundu wa Mbeya hatii dole.
Anaandika: "Umekaba.
Uzi si mgambo, haukamati mwizi.
Nyama hushikwa, hainyongwi. Rudia."
Narudia.

Wapo na wa kung'aa.
Yule wa muziki mkubwa na miwani
anapasua tumbo kama anayemenya chungwa,
damu haimo, hofu haimo,
watu elfu tisini wamempenda.
Nilimtuma kundini, nimevutiwa.
Jibu kutoka Mbeya: "Huyu anafundisha miwani."

Kisha akaletwa Elitha,
saa nane usiku, kwa pikipiki, kutoka Matamba,
katikati ya dereva na shemeji yake,
midomo imepauka kama unga wa muhogo.
Mimba ilikaa pasipo pake, mrija umepasuka.
Bosi yuko semina Dodoma.
Jenereta linakohoa.
Na simu? Simu iko mfukoni mwa koti,
koti liko msumarini,
na tofali la tatu liko nje gizani.

Nikafungua. Damu ikanijia hadi viwikoni.
Yohanita akafyonza, akafyonza, akasema, "Dokta, pale."
Nikabana. Nikaomba uzi.
Hapo kidole cha shahada kikajikunja chenyewe,
kikapita chini, kikarudi juu,
sijui kilimuuliza nani.
*Umekaba*, ikasema sauti
ya mtu ambaye sijawahi kumsikia akisema,
namjua kwa maandishi tu,
lakini usiku ule alikuwa na lafudhi ya Kinyakyusa.
Nikalegeza, kidogo.
Fundo likakaa. Tukangoja.
Pakabaki pakavu.

Siku ya nne nikamwomba:
"Mshono wako, niupige picha, wengine wajifunze?"
Akatazama dari, akavuta shuka hadi kidevuni.
"Na Matamba wataniona?"
Nikamwambia hapana, tumbo halina jina.
"Basi kidonda chukua.
Uso niachie. Nina madeni."

Nikapiga. Nikakata pembe ya picha,
maana kitenge chake kilikuwa na maneno,
na kijijini kitenge ni kitambulisho.
Nikapanda tofali, nikatuma.
Madole gumba yakamiminika, makofi, maua,
hata yule bubu aliandika: "Safi."
Mbeya kimya. Siku moja. Ya pili.

Ya tatu, alfajiri, baridi inang'ata masikio,
simu ikatetemeka:
"Wa sita kutoka juu."

Nikaikuza picha kwa vidole viwili.
Nikahesabu.
Kweli. Nimekaba.