Barua Kumi na Moja kwa Alcanena

Barua kumi na moja tuliwaandikia,
zote na faini:
ngozi yenu inapasuka kisiginoni,
ngozi yenu inatutia hasara.
Wakajibu mbili. Tisa zikalala.

Mwishowe bosi akanigeukia mimi, Graciete,
miaka ishirini mkasi wangu haujapumzika:
"Nenda ukakae nao wiki mbili.
Usiende na mwanasheria. Nenda na viatu."

Nikashuka kusini kutoka Felgueiras,
jozi sita mbovu kwenye mfuko wa plastiki.
Harufu ya kiwanda ikanipokea kabla ya mlinzi.

Belmiro, mtu wa mapipa, hakunipa kiti.
Alinipa ngozi mbichi, nzito kama mtoto aliyelala.
"Ikunje." Nikaikunja.
"Funga macho, ikunje tena."
Miaka ishirini nimeijua ngozi kwa jicho;
siku ile vidole vyangu vilianza darasa la kwanza.

Siku ya nne nikamwonyesha kiatu.
Akakibandua soli kwa kisu cha mfukoni,
akanyamaza, akaita wenzake,
maana hakuna kati yao aliyewahi kuona
tunavyoivuta ngozi yao juu ya kalibu, kwa moto, kwa pumzi moja.
"Hivi ndivyo mnavyoitesa?"
"Hivi ndivyo."
Tukacheka kidogo,
kama mashemeji waliopatanishwa na msiba.

Na kosa?
Kosa lilikuwa Ijumaa.
Kila Ijumaa jioni sisi tulituma oda, upesi, upesi,
wao wakaitoa ngozi pipani haijaiva,
lori likalala na mzigo hadi Jumatatu, ukitoka jasho gizani.
Haraka yetu wenyewe ndiyo iliyopasuka kisiginoni.

Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, husemwa.
Wetu alikwisha kuchinjwa zamani;
tulikuwa tukigawana lawama, nyama ikioza.

Siku hizi oda hutoka Jumanne.
Hilo lilienea kwenye ripoti, mstari mmoja.
Bosi anataka na mengine: nilichojifunza,
ukurasa mzima, wafundishwe wakata ngozi wote.
Nimekaa na kalamu tangu asubuhi.
Nimeandika: "Funga macho."

Huku nyuma wanasheria wananiuliza
kuhusu kalibu moja, namba thelathini na saba,
niliyomwachia Belmiro aielewe ngozi yake inakokwenda.
Ni siri ya kampuni? Nani aliruhusu?
Wameandika kwa herufi kubwa.

Sijajibu.
Hiyo nayo imelala. Ya kumi.