Samaki Wasionuka

Wiki ya tatu kiwanda kimefunga zamu yetu.
Samaki hawaji, mashine zimelala,
na mimi, mkata minofu wa miaka kumi na moja,
nimekaa kibarazani huku Igogo, mlimani kati ya mawe,
mikono mapajani
kama mgeni aliyekosa wa kumkaribisha.

Nkwabi ndiye aliyeburuta gunia hadi mlangoni.
Makombo ya fundi Lubango wa kule barabarani:
vipande vya mvule, vya msonobari, ubavu wa kitanda,
na maranda yaliyojikunja kama nywele za kichanga.
"Baba, tutengeneze kitu."
Kitu gani, hakusema.

Nikachora kwa penseli yake ya shule: tumbo, pezi, mkia.
Msumeno wa kuazima una mapengo,
unakwenda kama kizee anayetafuna muwa.
Nilipofika shingoni mkono ukakumbuka kazi yake,
ukataka kushuka na uti wa mgongo,
upande huu, upande ule, mnofu mezani, lete mwingine.
Nikauzuia.
Huyu abaki mzima.

Holo anapiga msasa na kuhesabu kwa Kisukuma cha bibi yake;
akifika saba anaanza upya,
maana nane humponyoka kila mara.
Vumbi la mvule limemkaa kwenye nyusi.
Ananiletea ubao nipapase: "Bado unakwaruza?"
Unakwaruza, lakini fundo la mti
limeangukia palepale pa jicho,
nami sina moyo wa kumwambia arudie.

Tukatoa sangara wawili, sato mmoja mwenye tumbo la mjumbe,
kisha nikakata kadogo, ka kidole.
"Na huyu?"
"Furu."
"Furu ndiye nani?"
Nikawaambia: tulimkaanga, tukamtafuna na mifupa yake,
bibi yenu alimwanika juu ya jiwe lile lile
mnaloanikia sare za shule.
Nkwabi akanipa brashi. Nikachovya nyekundu, nikasita.
Ilianzia tumboni au mkiani?
Na ule ubluu, ulikuwa wa kichwa au wa mgongo?
Nimesahau.
Nikampaka kama nilivyosahau.

Limi hataki samaki.
Ana miaka mitano na kazi yake mwenyewe:
amechagua vipande vitatu vinene, akanitaka nivikate pembe,
sasa anavipandanisha dirishani, ulimi nje,
jiwe juu ya jiwe juu ya jiwe.
Vikaanguka. Nikamsogezea gundi.
Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.
"Yale ya ziwani yamegundishwa na nani?"

Kabula alirudi jioni kutoka Mwaloni,
ndoo kichwani, harufu ya dagaa ikimtangulia uani.
Akasimama chini ya uzi tuliowatundika,
akamgusa mmoja kwa kidole, akazunguka, akarudi.
"Leo," akasema, "samaki wameingia nyumba hii
na pua yangu haina habari."
Akacheka mpaka akashusha ndoo.
Wiki tatu sikuwa nimekisikia kicheko hicho.

Mama Bwire wa jirani anataka wa mlangoni kwake,
elfu mbili, taslimu.
Holo: "Huyo ana jicho la kuzaliwa nalo. Elfu tatu."
Akalipwa elfu tatu.
Furu hauzwi. Hakuna aliyetangaza,
ila kila anayenyoosha mkono kwake
anakuta mkono wa Nkwabi umeshafika.

Usiku, wote wamelala, nikaichukua ile gundi.
Tone moja tu chini ya jiwe la juu, nani angejua?
Kifuniko nimeshakifungua.
Nikasikia ziwa kule chini likipiga ukingo wa Igogo,
likipumzika, likipiga.
Nikakifunga.

Asubuhi upepo ulibamiza mlango, vyote vitatu vikawa chini.
Limi akaamka, hakulia, hakuuliza.
Akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji,
akaanza na lile kubwa.