Karatasi ya Bugando

Daktari aliandika neno moja la Kiingereza,
akalipigia mstari mara mbili,
akatupa karatasi pamoja na tabasamu.
Benchi la nje lilikuwa limejaa hadi mlangoni.

Tukashuka kilima cha Bugando kwa miguu,
mama mbele, kitenge kimezungushwa shingoni
pale ulipo uvimbe, sawa na yai la kanga.
"Mwalimu," akaniita
(huniita hivyo akitaka kunipima),
"miaka kumi na tisa unafundisha watoto wa watu
Kiingereza huko Nyakato.
Hilo neno lina maana gani?"

Nikasema: uvimbe usio na madhara.
"Usio nayo, au usio nayo bado?"

Nikasema: uvimbe mpole.
"Mpole kama nani?
Baba yako alikuwa mpole.
Aliuza kiwanja cha Igoma bila kupaza sauti."

Darasani neno hili halinisumbui.
Naandika ubaoni: nyoka wa kijani wa bustanini,
swali lililoulizwa bila nia mbaya,
mzaha ambao haukumwumiza mtu.
Wananakili. Kengele inalia.
Hakuna aliyewahi kunyoosha mkono na kuuliza:
mwalimu, hadi lini?

Tulipofika barabarani akasimama kupumua.
"Nilipokuwa nauza furu Kirumba," akasema,
"lilikuja ua juu ya maji,
la zambarau, limejipamba kama bibi harusi.
Mimi mwenyewe nililichuma,
nikalitia kwenye chupa ya soda, nikaweka mezani.
Akaja bwana mmoja, suruali imenyooka kwa pasi,
akatuambia, akina mama msiogope, ni ua tu.
Baadaye mtumbwi ulikuwa unasukumwa na watu sita
na hausogei.
Nadhani yule bwana alisema neno hilohilo lako."

Sikuwa na jibu. Nikatafuta kwingine.
Nikamwambia: wale wadudu wa ziwani, mama,
wanaopanda kama moshi wa tanuri asubuhi,
wanaingia puani, wanaingia kwenye chai,
wanalala chini ya taa marundo kwa marundo,
lakini hawaumi.
Akafikiri hadi tukavuka daraja la Mto Mirongo.
"Wale, sawa. Wale unafagia."

Nyumba yetu ya Mabatini iko chini ya jiwe.
Si karibu na jiwe: chini yake.
Limekaa juu ya jiwe jingine kwa ncha
isiyozidi upana wa meza ya kulia,
na mama amepika chini yake miaka arobaini na mmoja,
ameanika dagaa juu yake,
amezalia hapo watoto watano na kumzika mmoja,
na jiwe halijasema kitu.
Wageni huangalia juu kabla hawajaketi.
Sisi tumesahau kuangalia.

Akaweka karatasi juu ya kabati, akaibana na kibiriti.
"Kwa Kisukuma ningesema ni mhola," akasema.
"Uvimbe umetulia. Hauna neno."

Mhola. Nikalionja neno, nikaona limekaa.
Kisha nikakumbuka siku ya msiba wa Kulwa,
watu wanapanda kwetu na kuni na unga,
wanauliza, mhola?
na mama, macho mekundu, anajibu, mhola,
kwa sababu ndivyo salamu inavyojibiwa;
habari yenyewe hufuata.

Sikumwambia. Nikachochea moto.
Karatasi inasema turudi baada ya miezi sita.

Jirani akapita na ndoo, akaita juu ya ukuta:
"Mwadila, Nkwimba! Mmerudi? Mhola?"
"Mhola duhu," mama akajibu,
na kitenge akakivuta juu kidogo.