Ito

Barua ya uhamisho ilisema: Lamu.
Mama akauliza kama huko kuna nyuki.
Nikamwambia sijui, kuna Kiswahili,
na mimi ndiye ninayekwenda kukifundisha.

Wiki ya kwanza, darasa la tatu, insha: Mwili Wangu.
Barke Shekuwe akaandika kwa mwandiko wa kulala:
*Nina ito la kulia na ito la kushoto.
Mato yangu yamuona paka hata kizani.*
Nikazungusha duara. Nikazungusha duara.
Pembeni nikaandika JICHO, MACHO, herufi kubwa,
kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.
Nne juu ya kumi.

Kesho yake mamake alikuja, unga wa mofa ungali viganjani,
akasimama mlangoni, hakuingia.
Hakugomba. Alifungua daftari, akaweka kidole penye wino.
"Hili nimempa mimi, mwalimu.
Nami nalipawa ni mamangu.
Kama ni kosa, tuandike sote hapa,
hizo alama tugawane."

Sikuwa na jibu. Kengele ilinisitiri.

Usiku, katika chumba changu cha kupanga Langoni,
nikalisema lile neno peke yangu, taratibu. Ito.
Ulimi ukasogea mbele kidogo tu, ukagusa meno:
itho.
Ilikuwa sauti ya mama, Mwingi, mwaka wa kiangazi,
amenishika kidevu, ananipuliza vumbi.

Nikakumbuka pia kipande cha mbao
nilichovishwa shingoni darasa la pili
kwa kulitamka neno hilohilo.
Kilikuwa na uzi wa katani. Kiliwasha.
Sheria: umpe utakayemnasa.
Nilimvizia Mwende mpaka akaomba maji kwa Kikamba,
nikamvisha yeye, nikaenda kucheza mpira.

Jumatatu nilifuta ubao wote, hata tarehe.
Nikaandika *jicho*. Nikauliza: nyumbani mnaliitaje?
Kimya. Watoto wanajua mtego unavyonukia.
Basi nikaanza mimi. Itho, nikasema.
Wakacheka mpaka madawati yakasogea.
Barke: ito.
Kadzo, ambaye babake ni askari jela, wa Kaloleni: dzitso.
Nikayapanga moja chini ya jingine,
na kabla sijasema kitu
mtu wa nyuma akanong'ona kwamba yamefanana pua.

Barisa hakuwa amefungua kinywa tangu muhula uanze.
Ng'ombe wa kwao wako bara, upande wa Witu,
yeye analala kwa shangazi.
Akainuka.
"Ila," akasema.
Tukangoja.
"Ila nini?" Barke akauliza.
"Ila tu." Akagusa jicho lake. "Hili."
Nikaliandika. Halikufanana na yeyote pale ubaoni.
Nikaliachia nafasi pana, kama mgeni anavyopishwa mkekani,
nikafikiri: mwaka mzima ningemsikia akisema ila
nikidhani ana udhuru.

Wino mwekundu haufutiki.
Katika daftari la Barke niliongeza mstari mmoja:
*Kwenye mtihani, jicho. Kwa mamako, ito. Yajue yote mawili.*
Ile nne nikaigeuza tisa; moja nimeizuia
kwa sababu ya nukta, hakuweka hata moja.

Akasoma. Akainua uso.
"Na kope, mwalimu? Kwenu ni nini?"

Nikafungua kinywa.
Darasa zima lilikuwa linanitazama, chaki mkononi,
nami nikapekua, nikapekua,
nikakuta mahali pake patupu,
pamefagiliwa.

Jioni nilipiga simu nyumbani.
Kabla hajauliza habari za nyuki, nikauliza mimi.
Mama alicheka kwanza, kicheko kirefu cha salio langu.
Kisha akaniambia. Mara mbili, polepole,
kama aliyenishika kidevu.